Jiwe la Kilo Lilipobadilika Sauti

Mimi nimepima mchele Kariakoo tangu wanangu hawajaota meno, na sijapata kumpunja mtu. Naanza na hilo kwa sababu kuna karatasi ya serikali inayosema vingine, na karatasi hiyo ina jina langu. Wanaoijua wameshaisimulia wanavyotaka. Sasa nasema mimi.

Fremu yetu ya duka ni nyembamba, iko upande wa Kariakoo unaopakana na Mchafukoge. Aliiacha marehemu mume wangu. Ndani mna magunia ya mchele, maharage na choroko, na mbele, juu ya meza, ipo mizani ya sahani mbili. Sahani hii unaweka jiwe la chuma, ile unamimina mchele mpaka zisimame sawa. Halafu unatia nyongeza, konzi moja ya mkono, maana mteja wa Kariakoo asipotiliwa nyongeza anaona kama hajanunua kitu. Vijana siku hizi wana mizani ya betri. Mimi nimezoea mawe.

Kila jiwe la mizani lina tundu chini yake. Tundu hilo limejazwa risasi, yale madini laini mazito, na juu ya risasi watu wa vipimo wanagonga chapa yao. Ile risasi ndiyo inayotimiza uzito. Ukiitoa, jiwe linabaki na umbo lake, linakaa mezani vilevile, lakini si kilo tena. Kila muuzaji anajua jambo hili. Wifi yangu naye alilijua, ila hofu ikimwingia mtu, anachokijua kinatoka.

Wifi ni dada wa marehemu. Aliachika, akaja kukaa nami baada ya arobaini ya kaka yake, na hakuondoka tena. Tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, tunafungua duka pamoja. Kila Alhamisi jioni nilikuwa nakaa chini ananisuka, hivi vinywele vyangu vilivyobaki, akitia hina kwenye ncha.

Hofu yake aliileta mwanamke wa Ijumaa.

Saa ya sala ya Ijumaa mitaa yetu inanyamaza. Wanaume wamekwenda msikitini, mikokoteni imelazwa mishikio chini, jua liko utosini, na sisi wanawake tunabaki na biashara. Saa hiyo ndiyo aliyokuwa anakuja. Amejifunika mweusi mpaka machoni, mikononi amevaa glavu nyeusi. Haongei. Ananyoosha kidole kwenye gunia la mchele, anakiinua kuonyesha kilo moja, anaweka noti mezani, anachukua mfuko wake, anaondoka. Mimi sikio langu ni zima, namsikia panya akitembea juu ya dari, lakini sikuwahi kusikia ndala za yule mwanamke, akija wala akiondoka.

Wakati huohuo mchele ukaanza kuisha vibaya. Gunia tulilofungua linafika chini kabla ya siku zake, na droo haina pesa za kulingana nalo.

"Wifi, yule ni chuma ulete," wifi akaninong'oneza siku moja.

Anayeishi Dar haulizi maana yake. Ni mtu anayekulipa noti aliyoifanyia mambo. Ukiiweka kwenye droo yako, inaziita zako, zinamfuata.

"Ni panya," nikamwambia.

"Panya anakula noti?"

"Anakula akili yako wewe."

Hakucheka. Jumamosi tulipofunga, akayakusanya mawe yote kwenye kikapu, akasema yana kutu, anakwenda kuyasugua kwa ndimu nyumbani kwa binamu yake huko Mbagala. Jumapili hatufungui. Jumatatu akayarudisha meusi, yanang'aa, yamepakwa mafuta. Nikamsifu.

Nilipoliweka jiwe la kilo kwenye sahani, sikulitambua. Miaka yote lilikuwa likitua linalia, ngo, mpaka wa fremu ya pili anajua nimepata mteja. Siku ile lilitua kama mguu unaokanyaga mchanga. Nikaliinua nikaliweka tena. Halikulia. Na nilipoliinua, lilikuja juu upesi kuliko mkono wangu ulivyotegemea, kama kuna mtu upande wa pili ananisaidia kulibeba.

"Wifi, unasikia jiwe linavyolia?"

"Mbona halilii."

"Ndicho ninachokuuliza."

Akasema ni mafuta, yatakauka. Nikazitazama sahani tupu. Ziko sawa. Mizani haina ubaya. Nikaendelea kupima.

Baada ya siku chache akaja mama lishe mmoja anayepika mtaa wa nyuma, mteja wangu wa siku nyingi na mtu wa mzaha.

"Shoga, mchele wako umefunga?"

"Umefunga nini?"

"Swaumu. Nikiutia sufuriani hauenei. Sahani za wateja zinanitazama."

"Labda wateja wako ndio wamefungua."

Tukacheka. Lakini alicheka mdomo tu, macho yalikuwa kwenye mizani. Wiki iliyofuata nikamwona akinunua kwa jirani. Akapita na kapu lake mbele yangu bila kugeuza shingo.

Na wengine wakawa hivyohivyo. Wale waliozoea kupiga kelele, "Bibi ongeza, bibi mkono wako mdogo," wakaacha kupiga kelele. Mzee mmoja alipokea mfuko wake, akaupima kwa kiganja, akanitazama kwa upole kama mtu anayekutazama unaumwa na hujaambiwa. Mimi ningependa atukane. Mteja wa Kariakoo akinyamaza, duka limekufa, bado kuzikwa tu.

Ijumaa yule mwanamke akaja. Hakunyoosha kidole kwenye gunia. Alivua glavu ya mkono wa kulia, nikaona mkono wa kawaida, mkono wa mtu anayefua nguo. Akalichukua jiwe la kilo, akaligeuza, akapitisha kidole gumba chini yake polepole. Halafu akaliacha mezani limelala chini juu, akavaa glavu, akaondoka bila kununua.

Nilinyoosha mkono niligeuze. Wifi, ambaye alikuwa amejibana nyuma ya magunia, akatoka mbio akaukamata mkono wangu.

"Usishike alipopashika."

Akalifunika kwa kanga yake, akaligeuza yeye. Mkono wake ulikuwa wa baridi, saa saba ya mchana, mtaani kwetu, ambako hata kivuli kina joto.

Jumanne wakaja watu wa vipimo. Walikuwa wawili, binti mwenye kizibao aliyebeba sanduku la mbao, na kijana wa kuandika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Tumekuja kukagua mizani."

"Kagueni. Mimi sina wasiwasi."

Nimewaona wakaguzi wengi. Wote huanza na mizani, wanatikisa sahani, wanainama kuangalia chini ya meza. Huyu hakuitazama mizani. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la kilo, akaligeuza.

"Bibi, risasi iko wapi?"

Nikainama. Pale penye risasi na chapa palikuwa na nta nyeusi, imesawazishwa vizuri kama imelambwa. Ilinuka ubani, na chini ya ubani ilinuka nywele zilizoungua.

Binti akafungua sanduku, akatoa jiwe la serikali lililofungwa kitambaa laini. Akaliweka sahani hii, la kwangu sahani ile. La kwangu likapanda. Halikuruka, lilipanda taratibu, bila sauti, mbele ya watu waliokuwa wameshajaa mlangoni, likasimama juu.

"Bibi, si ndiye wewe unayetuambia hupunji?" akasema jirani muuza madumu, yule Mchaga wa ng'ambo ya mtaa.

"Kauze madumu yako," nikamjibu.

Wakayakuta mawe yote yako hivyo. Wakayatia kwenye mfuko, wakabandika mizani karatasi kwamba isitumike, wakanipa karatasi ya kosa. Kesho asubuhi nifike ofisini kwao. Nikikiri, nitalipa faini na duka litafunguliwa. Nikikataa, nitapelekwa mahakamani, na leseni ingoje huko.

Nyumbani sikumuuliza wifi. Nilikaa kitandani nikamtazama mpaka akasema mwenyewe. Kule Mbagala hakukuwa na ndimu. Alimpelekea mawe mganga ayazindike, ili noti za yule mwanamke zisiite pesa zetu. Mganga alichokonoa risasi zote, akajaza dawa, akaziba kwa nta. Akamwonya kwamba kilichofungwa humo kikifunguliwa, kitamtokea aliyekifungisha.

"Watayafungua kesho, wifi. Nitakufa."

"Hutakufa."

"Waambie ni wewe, kinipite. Wewe huna unachoogopa. Kilichomo hakikujui." Aliposema hivyo aliutazama ukuta.

Nikafikiri. Nikisema ni mimi, nimekubali mbele ya serikali na mbele ya Mungu kwamba kwa mkono wangu nilitoboa jiwe ili niwaibie watu mchele. Kisha nirudi Kariakoo nimwambie mama lishe nini? Duka lingefunguliwa, lakini nani angeleta mfuko wake kwangu?

"Tutakwenda wote," nikamwambia. "Faini ya duka ni yangu. Kutoboa si kwangu."

Ofisini walituweka kwenye benchi mbele ya meza ya yule binti. Feni ya juu ilikuwa inazunguka na kukwaruza. Akalitoa jiwe la kilo, akachukua bisibisi. Wifi akajifunika uso kwa mtandio.

Nta ikatoka kipande kizima. Ukamwagika unga mweusi juu ya karatasi, punje za chumvi ya mawe, na mwisho kikadondoka kifundo kidogo kilichofungwa uzi mwekundu. Binti akakisukuma kwa ncha ya bisibisi kikafunguka. Zilikuwa nywele, nyeupe, ncha zake nyekundu kwa hina.

Mkono wangu ukaenda kichwani wenyewe.

"Hizi ni nywele za nani?" binti akauliza.

"Zangu."

Halafu nikasikia wifi ndani ya mtandio wake: "Mganga aliniagiza za mwenye duka."

Nilikuwa nimekaa chini mbele ya magoti yake kila Alhamisi, nimefumba macho kwa raha.

Binti akajikohoza, akaanza kusoma. Kutumia mawe yasiyo na chapa, kuyachezea, kumpunja mlaji. Mwenye leseni mimi. Akauliza nani aliyeyachezea.

"Duka ni langu, nitalipa," nikasema. "Aliyetoboa aseme mwenyewe."

Tukangoja. Wifi akashusha mtandio. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

"Ni mimi," akasema.

Wakati huohuo umeme ukakatika. Unakatika kila siku, mimi najua. Feni ikapunguza mwendo, ikakwaruza mara ya mwisho, ikasimama. Tukabaki wote tunamtazama wifi, mimi, yule kijana wa kuandika, hata binti wa serikali na bisibisi yake mkononi, kana kwamba sote tulikuwa Mbagala tukaambiwa lile onyo la mganga. Wifi aliteremka kwenye benchi akakaa sakafuni. Akaanza kuhema. Tukamsikiliza anavyohema. Hakikumtokea kitu tunachoweza kukiona. Umeme ukarudi, feni ikaanza tena, na kijana akaandika.

Karatasi ina majina mawili. Langu kama mwenye duka, lake kama aliyetenda. Chini kuna onyo kwamba likirudiwa hakuna leseni. Tukapewa namba ya malipo, tukalipa kwa simu palepale mlangoni.

Kabla ya kutoka niliomba nywele zangu.

"Haiwezekani bibi. Ni kielelezo."

"Nitazichoma tu."

"Vitateketezwa vyote, jalada likifungwa."

"Linafungwa lini?"

"Utaratibu una muda wake." Akazitia kwenye kifuko cha nailoni, akaandika kwa kalamu nene juu yake.

Nikamuuliza nani aliyewaletea habari. Akasema hakuacha jina, ni mama mmoja, aliwaambia waangalie chini ya jiwe.

"Sauti yake ikoje?"

Binti akafungua mdomo ajibu, akasita. Akamgeukia mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa.

"Alionyesha kwa mkono," akasema taratibu, kama mtu aliyegundua kitu wakati huo.

Yule mwanamke hajarudi dukani. Gunia bado linaisha kabla ya siku zake. Wifi yupo, tunakula pamoja, kwenye shida hatutupani. Ila najisuka mwenyewe, na nywele zinazobaki kwenye kitana nazichoma kabla sijanyanyuka. Na ziko nyingine ambazo sikuzichoma, zimekaa kwenye kabati la watu nisiowajua. Usiku kichwa huniwasha mahali pamoja. Sisemi zaidi ya hapo.

Tulifungua na mawe mapya yenye chapa. Asubuhi nzima hakuja mtu. Adhuhuri akaja mama lishe. Hakunisalimu. Alilichukua jiwe la kilo, akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga wa mlango. Nikaweka mikono yangu chini ya meza, nikamwacha. Akalisogeza puani, akalinusa. Akalirudisha kwenye sahani, likalia.

"Nipimie mbili," akasema.

Nikapima. Nikatia nyongeza.

Siku hizi wote wanafanya hivyo, hata watoto wanaotumwa. Wanaligeuza jiwe kwanza, wanalinusa, wananitazama, ndipo wanafungua mfuko. Mimi naweka mikono chini ya meza na kungoja wamalize.