Tecla na Mvumo wa Mkutano

Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyesikika zaidi kijijini kwetu Peñafría kuliko Tecla Vargas, na hakuna aliyesema ya kwake machache kuliko yeye. Sauti yake ndiyo iliyotoka kwenye vipaza sauti vya paa la ofisi ya kijiji: "Mama Zenaida, simu yako kutoka kaskazini! Njoo upesi, mwanao anasubiri!" Enzi hizo simu ilikuwa moja tu, kwenye kibanda chake cha mbao. Tuliongea mle tumempa mgongo, naye akichambua maharage kama mtu asiye na masikio. Thubutu! Alijua nani ana mke wa pili huko mjini Tijuana, na nani aliomba hela ya dawa akanunua pombe ya mezcal. Yote aliyameza, na sokoni alitusalimia kwa macho yaleyale.

Intaneti ilipofika, nayo akakabidhiwa aitunze. Mnara tuliusimamisha wenyewe kwa msaragambo, wanaume wakipandisha vyuma mlimani, wanawake wakipandisha mchanga. Binti wa Tecla, Amalia, anachuma nyanya San Quintín, siku tatu kwa basi. Siku alipoisikia redio ya kijiji, inayorushwa kupitia mnara huo, kwenye simu yake kwa mara ya kwanza, alicheka kisha akalia. Tangu hapo kila Jumapili Tecla humsomea redioni habari za kijiji kwa lugha yetu ya Kimixe, Amalia pamoja na wenzake wa shambani. Kwa Tecla, saa hiyo moja ndiyo iliyombakizia mtoto.

Ndipo Jumapili moja akaja mhandisi Fabricio, mtu wa kampuni ya simu, viatu vikimeremeta. Uwanja wa mpira wa kikapu ulijaa watu wa mkutano hadi kwenye ngazi za kanisa. Juu ya meza kulikuwa na simu iliyounganishwa na kipaza sauti, imefunguliwa kwa wenzetu wa San Quintín, maana mtu wa kwetu ni wa kwetu hata akiwa mbali.

Tusimwonee Fabricio, alieleza vizuri. Intaneti ya bure, yenye kasi, kila nyumba. Ila mnara wetu ushushwe, na vitakavyofunguka bure ni vilivyomo kwenye orodha ya kampuni tu. Redio yetu haikuwemo. Vijana, waliochoshwa na mtandao wetu wa kobe, walishaanza kupiga makofi.

"Haya, wanaokubali wanyooshe mikono!" akasema Fabricio.

"Taratibu, mwanangu," akajibu Mzee Crisóforo, mwenyekiti wetu, fimbo ya uongozi ikiwa magotini. "Hapa hatuhesabu mikono. Nani ana neno?"

Tecla akatoka kibandani. Mikutano yote aliitangaza yeye, lakini hakuwahi kuhudhuria hata mmoja, kwa kuwa lazima mtu abaki na mitambo.

"Ee, Tecla!" akapaza sauti Celso mchinjaji. "Leo umekuja kututangazia amekufa nani?"

"Hajafa mtu, Celso. Kaa chini, au nikukumbushe ile simu yako ya Krismasi?"

Uwanja ukaangua kicheko. Celso akakaa.

"Mnacheka," akasema Tecla. "Lakini miaka ishirini na mitatu, nani amewahi kuikuta siri yake sokoni?"

Kicheko kikakatika.

"Ukurasa wa nne wa mkataba aliotuletea huyu bwana unasema kampuni itaandika nani ameongea na nani, na kwa muda gani. Mimi nikitoboa siri zenu, mnajua pa kunikuta. Kila Jumatano niko sokoni, na nitaona aibu mbele yenu. Wao mtawakuta wapi? Aibu yao inakaa mtaa gani? Na Amalia wangu... kwenye orodha yao hakuna mlango wa kwetu. Jumapili nitamsomea nani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu akamgeukia jirani yake na kuanza kusema kwa sauti ya chini, wote kwa pamoja, kama desturi yetu ilivyo. Mzee Crisóforo akafumba macho asikilize maneno yanaelekea wapi.

Fabricio akadhani tumechoka, tumeanza kupiga soga. Akagonga meza. "Jamani! Tusikilizane!"

"Ndiyo tunasikilizana, mwanangu," akasema Mzee bila kufumbua macho. "Kaa."

Tecla alikuwa amezoea kuusikia mvumo ule kupitia mbao za kibanda, kama mvua ya mbali juu ya bati. Leo alisimama katikati yake. Ulimpanda kutoka nyayoni. Alizijua sauti zile moja moja, zilivyolia na zilivyodanganya kwenye simu yake, na sasa zilikuwa zinatafutana, zinasukumana, zinaingia moja ndani ya nyingine. Alidaka vipande: "siri yangu," "bega langu lina kovu la chuma kile." Mungu wangu, aliwaza, kumbe ndio sisi hawa. Aliogopa, na hakutaka uishe.

Ukapungua, ukazima. Mzee Crisóforo akafumbua macho, akainua fimbo atoe uamuzi, mkono ukabaki hewani.

Mvumo ulikuwa unaendelea.

Ulitoka mezani, kwenye simu. Kule San Quintín watu kama thelathini walikuwa wanasemezana kwa Kimixe, wote kwa pamoja, kwa sauti ya chini. Mtandao wetu wa kobe uliwafikishia maneno yetu kwa kuchelewa, nao wakaanza walipoyapata. Uwanja mzima ukaigeukia simu. Hata Fabricio alikuwa amesimama, kofia mkononi. Katikati ya sauti zile Tecla akaitambua moja, akaziba mdomo kwa shali yake.

Mzee Crisóforo akairudisha fimbo magotini. Tukawasubiri hadi sauti ya mwisho iliponyamaza.

"Sasa tumesema sote," akatamka. "Mnara unabaki."