Maana Niliyompa Papa

Leo ofisini mtu alitundika koti lililolowa mvua, na harufu yake ikanirudishia papa, baba yangu, wakati alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kazi ya ukalimani.

Kiingereza alijifunza peke yake, kwa daftari. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kukisoma shuleni.

«Give up iko na maana gani, mutoto wangu?» aliniuliza Jumapili moja.

Sikujua, na niliona haya kusema sijui. Nikamwambia give ni kutoa, up ni juu, basi ni kumtolea Mungu sadaka. Aliandika taratibu, akanishukuru.

Siku ya mtihani alirudi nyumbani Kadutu kwa miguu, koti linachuruzika maji. Alituambia walimuuliza neno hilo hilo, akajibu sadaka, wakacheka.

«Kumbe iko nini?» maman aliuliza.

«Ni kuchoka na kuacha.»

«Na nani alikufundishaka ile ya sadaka?»

Nilikuwa mlangoni. Papa hakunitazama.

«Ni mimi mwenyewe nilikosea,» alisema, akavua koti polepole.

Kesho yake alinipa daftari lile niandikie masomo yangu. Kurasa nyingi zilikuwa bado tupu.