Barua Niliyojipepea Nayo

Sijui kama kuna muuguzi mwingine aliyewahi kujipepea kwa uhai wa mgonjwa wake. Mimi nilifanya hivyo miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nikiwa bado mgeni kazini katika zahanati moja ya Same.

Siku hiyo joto lilikuwa limenilegeza. Mama mmoja alishuka kutoka milimani akiwa na kidonda mguuni na bahasha ya hospitali ya kule juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daktari kasema nikupe hii."

Niliipokea nikaanza kujipepea nayo. Nje ya dirisha wingu lilikuwa likiteleza taratibu juu ya milima, nami nikaondoka nalo hadi kwetu Kighare, kwenye baridi na harufu ya migomba iliyolowa. Nilimsafisha kidonda bado nikiwa huko. Kisha nikavuta penisilini kwenye sindano.

"Kabla hujamchoma," alisema muuguzi mkuu, ambaye sikumsikia akiingia, "wenzetu wa juu wameandika nini?"

Nikafungua bahasha. Akataka nisome kwa sauti, foleni nzima ikisikia.

"Mgonjwa huyu asichomwe penisilini. Tulipomchoma mwezi uliopita alivimba koo, nusura afe."

Niliiweka sindano mezani. Mama alinitazama kwa upole, bila hasira yoyote.

"Nilidhani umeshaisoma, mwanangu," alisema. "Muda wote ulikuwa umeishika."