Amina Chini ya Ngazi

Siku yenyewe ilianza kwa ugomvi wa sufuria. Tulikuwa walinzi na madereva, Wakenya na Waganda, tumejazana nyumba moja ya ghorofa huko Muaither, pembeni mwa Doha, na sufuria ya ugali ilikuwa moja. Yona peke yake alikuwa na yake, na ole wako uiguse, eti nyama na maziwa havikutani. Yeye ni Mganda wa Mbale, Myahudi wa kuzaliwa. Mimi Mluhya wa Kakamega nilidhani Wayahudi waliishia kwenye Biblia.

Wiki hiyo babake alikuwa amezikwa bila yeye. Akatueleza kwamba kwao mtoto husimama kumsomea mzazi sala ya Kadishi, na lazima Wayahudi kumi wamwitikie amina. Doha nzima yeye alimjua mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Jamani, tulijitolea! Otieno, anayejiita pasta, alidai ni Myahudi kiroho. Hamisi, dereva wa Mombasa, akasema kama shida ni tohara, yeye yuko tayari kitambo. Yona akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akatukataa sote. Angesoma kwa simu, watu wa sinagogi la kwao wakimwitikia kutoka Mbale.

Jioni akasimama sebuleni, simu mkononi, akaanza.

Kishindo.

Madirisha yakatetemeka. Vita vya majirani vilikuwa vimetufikia: nje, makombora yalikuwa yanapasuka juu angani.

Tukakimbilia chini ya ngazi. Pasta alitangulia, tena akitukanyaga. Simu ya Yona ikakatika.

Hakukimbia. Nikarudi nikamvuta shati.

"Niache, Wafula," akasema. "Nikikatiza sasa, nitakuwa nimemwacha baba njiani."

Sala ikaendelea. Kila alipovuta pumzi, sisi kule chini ya ngazi tulipiga amina. Tuliitikia hata pasipotakiwa. Kishindo kikizidi, amina inazidi. Otieno akatia na haleluya.

Kulipotulia nikamwuliza sala imesema nini juu ya mzee.

"Haimtaji. Inamsifu Mungu tu."

Nilikasirika, sitaficha. Nusura nife kwa sala isiyomtaja marehemu! Nikauliza basi kama amina zetu zimehesabika. Kisheria hapana, akasema, na hapo ndipo alipolia.

Yona alirudi kwao, tukabaki kuwasiliana kwa simu. Mwaka uliofuata babangu akafa, nami sikupata ruhusa ya kusafiri. Siku ya mazishi ndugu yangu alinipigia simu kutoka Kakamega. Kuna Mganda amekuja na basi, akasema, kakaa nyuma kabisa, hatumjui.

"Nyama yetu hali," akasema, "ila amina anaitikia hata pasipotakiwa."