Mchoro wa Kukataliwa

Msanifu majengo wa manispaa alizaliwa na kiherehere. Shemeji yake anaoa, wenzake wamekaa wanakula, yeye yuko nje ya ukumbi anapima ngazi kwa kiatu na kuuliza bibi mwenye mkongojo atapandaje hapo. Jamani, mtu kama huyo utamfanyaje? Mkewe alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi nina mke mwenza. Anaitwa mji." Wageni wakicheka, naye anacheka, lakini kidogo tu.

Mwaka ule roho yake yote ilikuwa kwenye kiwanja kidogo nyuma ya soko. Pale ndipo alipocheza drafti na rafiki yake kinyozi kila alipotoka kazini, na pale nusu ya mtaa ilipata kivuli na pa kukaa. Madiwani wakaanza kuuliza kiwanja kile kina faida gani.

"Niachie mimi," alimwambia kinyozi. Kinyozi akamwachia, akawatuliza na majirani.

Sasa, wasanifu wana ujanja wao. Mteja humpelekei mchoro mmoja, maana ataukataa ili tu ajulikane kuwa yeye ndiye bosi. Unampelekea miwili: unaoutaka wewe, na mwingine wa hovyo, wa kukataliwa. Basi akachora kiwanja chenye mabenchi mapya na miti zaidi. Kisha akachora wa kukataliwa, maegesho ya magari, lami tupu. Tatizo mkono wake haukujua kuchora hovyo. Alifuta, akarudia, akafuta tena, hakutulia mpaka kila mstari ulipokaa sawa.

Kikaoni aliutetea ule wa kwanza mpaka koo likamkauka. Mwenyekiti alikuwa keshauvuta wa pili karibu yake.

"Huu umetulia," alisema. Mikono ikapanda.

Msanifu alitaka kusema ule haukuwa wa kuchaguliwa. Angeanzia wapi?

Alizunguka soko, akazunguka tena, ndipo akaingia kiwanjani. Kinyozi alikuwa ameshapanga kete, anamsubiri. Akamweleza kwamba madiwani wamepitisha maegesho.

"Hawana haya hawa watu," alisema kinyozi. "Na nani kawachorea upuuzi huo?"

"Mimi."

Kinyozi alimtazama, akangoja aambiwe ni utani. Halafu akaanza kuokota kete, moja moja, akizitia kwenye kopo lake.