Fimbo ya Nzi kwa Mume Mstaafu

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mabehewa ya treni. Alistaafu Ijumaa, na Jumatatu asubuhi alikuwa jikoni kwangu akifunua masufuria. Aliuliza kwa nini sombe yangu ya majani ya muhogo inakaa motoni muda mrefu hivyo. Sombe hiyo nimeipika tangu nilipoolewa, na haijawahi kuwa na msimamizi. Jumanne alipanga upya vijiko vyangu kwa urefu. Mwisho wa juma nilijua kwamba mmoja wetu lazima aondoke mle jikoni, na sikuwa na nia ya kuwa mimi.

Dawa niliikuta kwenye simu. Mwanamume wa umri wake alisimama mtoni, maji yakimfika magotini, akirusha uzi mbele na nyuma. Mwisho wa uzi palikuwa na ndoano iliyofungwa manyoya ili samaki aione kama nzi. Video ilikuwa ndefu na yule bwana hakusema neno hata moja. Nikaitazama mara mbili. Mto tunao, Kafubu si mbali. Kilichokosekana ni fimbo.

Nilisoma kwanza, maana sipendi kudanganywa dukani. Anayeanza hahitaji fimbo ya bei kubwa. Achukue ya futi tisa, yenye namba tano iliyoandikwa juu ya mpini, inayopinda kwa upole, kwa kuwa fimbo ngumu inataka mkono uliozoea. Akibakiwa na kitu mfukoni, anunue uzi mzuri, sababu uzito uko kwenye uzi. Nzi mwenyewe hana uzito wowote. Niliyaandika yote kwenye karatasi, nikaenda madukani Kamalondo.

Kosa langu lilikuwa la neno moja. Kwa Kifaransa fimbo hiyo huitwa canne à mouche, yaani fimbo ya nzi. Lakini kwetu ukisema canne, watu wanaona mkongojo. Na mke anayemnunulia mumewe mkongojo ametangazia mtaa mzima kwamba mzee wake amekwisha.

Muuzaji wa kwanza aliniletea mkongojo wenye kichwa cha simba.

«Pole, mama. Muzee iko naumwa miguu?»

«Miguu yake iko bien, papa. Minataka canne à mouche.»

Akafikiri, akaingia ndani, akarudi na mkongojo uleule pamoja na kipigio cha nzi cha plastiki. «Ntakufungia byote bibili,» alisema.

Nikapata nilichotaka duka la mbele, kwa mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Maniema. Huuza vitu vilivyotumika vinavyokuja kwa kontena kutoka Ulaya. Alikuwa na fimbo mbili: moja nyeusi ya kaboni, inayong'aa, na nyingine ya faiba, ya rangi ya majani makavu, yenye mikwaruzo. Aliisifu ile nyeusi mpaka nikamhurumia. Nilitoa karatasi yangu. Nyeusi ilikuwa namba tisa, ya samaki wakubwa wa baharini. Nikapitisha ncha ya kitambaa changu ndani ya kila pete inayopitisha uzi. Pete ya pili ya ile nyeusi ikakishika, maana yake ilikuwa na ufa. Ile ya faiba ilikuwa namba tano na pete zake zote zilikuwa laini.

«Mama, nani alikufundisha?»

Nikamwambia nimeolewa na mkaguzi. Akapunguza bei bila ubishi.

Ningelipa nikaenda zangu, yangeishia hapo. Lakini nilitaka kuijaribu, nikaitikisa mara moja barabarani, na ncha yake ikamvua wigi mama mmoja aliyekuwa anapita. Alikuwa jirani yetu. Nilimwomba msamaha, akalipokea wigi lake kwa heshima, akauliza hiyo ni nini. Nikajibu, bila kufikiri, kwamba ni canne ya mume wangu.

Habari ilinitangulia nyumbani. Nilimkuta mume wangu getini, gunia la makaa begani, jasho likimtiririka. Alikuwa ameshaizunguka nyumba nalo mara mbili, majirani wakimtazama.

«Canne iko wapi?» aliuliza. «Leta nione. Mi njo muzee wa canne?»

Nikafungua kifurushi. Sikuwa na pa kukimbilia, nikasema ukweli. «Iko ya kuloba samaki, papa. Minataka uende ku Kafubu, uniachie cuisine yangu na masufuria yangu.»

Akatua gunia polepole, akishika kiuno. Akazipapasa pete moja moja kwa kidole gumba. Akauliza mtu anasimama majini muda gani.

«Hata siku muzima.»

«Na nani?»

«Weye peke yako. Hauongei.»

Alikaa juu ya gunia. «Miaka yote nilikuwa naongeaka na bawagon,» alisema. «Nilikuya mu cuisine juu ya kuongea na weye. Sikujua naanzia wapi, njo maana nikaanzia ku masufuria.»

Niliona aibu. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu fimbo, na mtu wa nyumbani kwangu sikuwa nimemsoma kabisa. Jumamosi tulikwenda Kafubu wawili, nikaketi kwenye jiwe, naye akaingia majini na fimbo yake. Hakukamata samaki hata mmoja, kwa sababu aliongea asubuhi nzima, na mimi sikumwambia kwamba samaki wanasikia.