Siku Niliyojisifia Nisiyoyaweza

Nilisoma mpaka darasa la tano kule Kabuchai, na hata hilo la tano sikulimaliza. Polio ilinishika nikiwa mdogo, miguu ikabaki myembamba. Lakini leo ukifika Kitale ukauliza fundi wa baiskeli za mikono, zile za magurudumu matatu za watu wasiotembea, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua moja iliyooza, nikaiangalia siku mbili, nikaiunda upya ikawa nzuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Tena hayo maringo yangu ndiyo yalikaribia kumharibia mtu maisha.

Katika chama chetu cha watu wenye ulemavu, ambacho mwenyekiti ni mimi, kuna mama mmoja wa Bungoma. Alianguka kutoka kwa trekta ya miwa akavunjika shingo, na tangu siku hiyo mikono yake haishiki hata kijiko. Lakini anaishi kwake, chumba cha kupanga, na nyuma ya chumba ana kuku wa mayai. Msaidizi wake, mama wa makamo, huja asubuhi na jioni kumwogesha, kumpikia na kulisha kuku vile anavyoelekezwa. Msaidizi huyo alikuwa akilipwa kwa pesa za msaada ambazo serikali huwapa watu wenye ulemavu wasiojitegemea.

"Yeye ni mikono, mimi ni kichwa," huwa anasema. "Na kichwa ndicho kinajua kuku gani anajifanya kutaga."

Basi ikatangazwa kwamba orodha ya msaada inapunguzwa, kila mtu aende ofisini Bungoma aulizwe upya. Nikaita watu wangu. Nikawaambia, "Hatuendi kulia mbele ya mtu. Tumeonewa huruma ya kutosha. Ukiulizwa unaweza, sema naweza!" Wakapiga makofi. Mimi napenda makofi, sifichi.

Ofisini tukakuta madam mmoja na fomu. Unaoga? Unavaa? Unapika? Mbele ya kila swali visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mimi nikajibu ndiyo mpaka mwisho, kwa sauti ya kusikika nje. Mama wa kuku akanitazama, naye akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Si kweli anaoga? Si kweli anapika? Ni vile tu hakusema kwa mikono ya nani.

Orodha mpya ilipobandikwa, wengi wetu hatukuwemo. Ati tunajitegemea.

Jumatatu yake akanipigia, msaidizi amemshikia simu sikioni. "Fundi, kaka yangu anakuja Jumamosi na pikapu. Amenitengea chumba nyuma ya jikoni yake Kimilili. Kuku atawauza."

"Pole sana, mama."

"Pole yako nitalisha kuku? Wewe ndiye ulitufundisha kusema naweza. Sasa nenda ukaseme yale huwezi."

Nilikaa kwa karakana siku nzima bila kuwasha mashine. Maana kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu. Ninatembea kwa vyuma vya miguu, na mkanda wake wa juu uko nyuma ya paja, mahali mkono wangu haufiki vizuri. Kila asubuhi mke wangu ndiye hunifunga. Mimi, fundi wa Kitale nzima! Nilipomweleza maneno ya mama wa kuku, hakunihurumia. "Mimi sioni aibu kukufunga," akasema. "Ni wewe tu."

Nikaita tena watu wangu, na Alhamisi tukaingia Bungoma. Walitoka Kiminini, Kimilili, Kabuchai, na karibu kila baiskeli uwanjani pale imepita mikononi mwangu. Tukajaza kibaraza cha ofisi mpaka mlangoni. Mkubwa wa ofisi akatoka.

"Mzee, orodha imefungwa."

"Fungueni. Niulizeni tena."

"Si ulisema unaweza?"

"Nilisema nusu. Leo nimeleta nusu ya pili."

Madam akaleta fomu, nadhani ili tumalize twende. "Unavaa mwenyewe?"

"Navaa, mke wangu akinifunga vyuma."

"Ndiyo au hapana?"

"Andika mke wangu."

"Hapa hakuna nafasi ya mke wako."

"Basi andika pembeni. Karatasi ni kubwa."

Watu wakacheka. Nikafungua ile mikanda, maana kuifungua naweza, kuifunga ndiko kunanishinda, nikateremka mpaka sakafuni mbele ya mlango, mimi ambaye hakuna mwanachama aliyewahi kuniona chini. Nikamnyoshea mkubwa vile vyuma. "Kama najitegemea, hivi ni vya nini? Jaribu kunifunga wewe." Alivigeuza, hakujua hata upande wa mbele ni upi.

Mama wa kuku akasogezwa karibu. "Na mimi niulize kama napika."

"Unapika?" madam akauliza.

"Napika ugali kukushinda wewe! Mikono ndiyo hii hapa," akaelekeza kidevu kwa msaidizi wake. "Mkimwondoa huyu mmenikata mikono, halafu muandike ati najitegemea. Nikibebwa nikawekwe nyuma ya jikoni, hapo nitakuwa najitegemea bado?"

Madam akaanza kuandika pembeni. Baada yake kila mtu akataka kuulizwa, na kila mtu akaleta nusu yake ya pili, mpaka kalamu ya madam ikaisha wino na mkubwa mwenyewe akampa ya mfukoni mwake. Saa kumi akasema tumeshinda, majina yatarudi.

"Maneno hayabandikwi ukutani," mama wa kuku akasema. "Tupe karatasi yenye muhuri."

Tukapewa. Na majina yakarudi kweli.

Jumamosi nilikuwepo kaka yake alipofika na pikapu. Alikuta ile karatasi ya muhuri imebandikwa mlangoni, akaisoma mara mbili.

"Karibu chai, kaka," dada yake akasema. "Gari limekuja vizuri. Kuna mbolea ya kuku, ubebe ukatie kwa mahindi yako."

Akabeba, magunia sita, jasho likimtoka, dada yake akimwelekeza lipi halijafungwa vizuri. Alipomaliza akaniuliza, "Nani alipigania hii maneno?"

Nikafungua mdomo. Mama wa kuku akanitazama.

"Sisi sote," nikasema. "Lakini zile baiskeli, bana, nilitengeneza mimi."